Chiriku wa Oldonyo Sambu

Aika, Simaloi amerudi chumbani sasa hivi. Amejitupa kitandani na viatu vyake. Kazi ameikosa.

Si leo ndiyo wale wa kampuni ya utalii walikuwa wanamjaribu kazi ya kuongoza watalii? Bosi wao, Melkizedeki, alimwambia waziwazi: waonyeshe yule ndege adimu, chiriku wa milima mikavu, kazi ni yako. Wamezunguka kwenye migunga ya Oldonyo Sambu tangu asubuhi, jua kali, hata unyoya hawakuona.

Mwishowe akamwona mzee mmoja nje ya boma, akajikaza. "Shikamoo baba. Tunamtafuta chiriku."

CHIRIKU, Aika! Na unajua mtu anayeongea sana anaitwaje.

Mzee akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Chiriku? Yuko jikoni! Mama Lesian, wageni wako hao!"

Mama akatoka na mwiko mkononi. "Nani amekuambia mimi chiriku? Mtoto mdogo hivyo, unakuja kunitukana kwangu?" Simaloi akainamisha kichwa. Mama hanyamazi.

Sasa sikia. Alipoinua macho kidogo, ndege huyo hapo, juu ya mgunga, nyuma ya bega la mama. Huyohuyo! Ametulia kabisa. Watalii wote wanamtazama mama. Melkizedeki naye anamtazama mama.

Hakusema kitu, Aika. Hata kidole hakunyoosha. Mama alipomaliza, ndege alikuwa amesharuka.

Nimemuuliza, "Simaloi, kwa nini hukusema?"

Amegeukia ukutani. "Ningemkatizaje mama wa watu?"