Leso ya Mama Sebuleni

Kaka Ziad,

Assalaam aleikum. Natumai huko Maskati hamjambo. Huku mvua imeshika.

Wale funza ninaowafuga darini kwa makombo ya harusi, ninaowauzia wenye kuku, waliingiliwa na maji Ijumaa. Wakirowa hutoroka. Walishuka ngazi hadi sebuleni, na wageni wanakunywa kahawa. Mama alitandaza leso juu yao, akaikalia, akaendelea kuzungumza. Wageni walipotoka akaniambia, "Kesho wahame, ama uhame nao."

Nimehamia Tononoka kwa mshirika wangu wa biashara, Everlyne. Ndoo zote za funza zimefika salama.

Mama hapokei simu zangu. Mpigie wewe, umuulize wale wageni aliwajibu nini. Mimi ndiye waliyekuja kumposa.

Nduguyo,
Hadeel