Fimbo ya Kumi na Nne

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipoinamia cherehani yako kama mtu anayetafuta tundu la sindano, na hukuinua kichwa tena.

Ulikuwa umerudi kutoka safari yako ya gofu siku nane tu. Mkoba wa fimbo ulikuwa bado umesimama mlangoni, viatu vyako vina majani makavu kwenye njumu, na Mama alikuwa hajamaliza kununa. Tunalisema hili kwa sababu yeye mwenyewe ameruhusu lisemwe, kwa sharti moja: tusiandike kwamba gofu ndiyo uliyoipenda kuliko vyote.

"Andikeni aliipenda," alisema. "Muishie hapo."

Basi uliipenda gofu, Baba. Tunaishia hapo.

Kwa miaka thelathini na moja ulishona sare za shule na suruali za watu wa ofisini. Aliyekuja na suruali iliyopasuka akiwa njiani kwenda kazini hukumwambia arudi kesho. Ulimpa shuka ajifunge, akakaa kwenye kigoda mpaka umalize. Pindo lililokwenda upande lilikunyima raha, hata kama halikuwa kazi yako. Kwenye harusi ya mpwa wako ulipiga magoti mbele ya mgeni usiyemjua, ukatoa sindano ukosini na kumnyooshea gauni mbele ya watu wote. Mgeni alikushukuru kwa tabasamu refu. Mama hakula siku ile.

Ndiyo, Mama alikuwa na wivu, na bado anao. Lakini wanawake hawakumsumbua kama fimbo.

Kila mwaka, kipindi hiki hiki, wewe na wenzako watatu mlifunga safari ya siku tatu kwenda viwanja vya mbali. Alikuwepo daktari wa meno, alikuwepo mwalimu mkuu mstaafu, na alikuwepo muuza matairi mliyembandika jina la Kijiko kwa jinsi anavyochota nyasi na kuuacha mpira. Asubuhi ya safari ulizilaza fimbo zote kumi na nne kitandani, upande wa Mama, vichwa juu ya mto wake. Ulizipangusa moja moja kwa mafuta ya cherehani. Kisha ulizivalisha. Wenzako walinunua vifuniko dukani, wewe ulizishonea mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Ile kubwa ilivaa mahameli ya buluu yenye bitana. Ile ya kutolea mpira mchangani ilivaa kitambaa cha suti. Na kila vazi ulilitia uzi wa kijani ukingoni, zisije zikachanganyika na za Kijiko.

Mama alisimama mlangoni akitazama. Mtu ambaye nyumbani hajui soksi zake zinakaa wapi, siku hiyo alizikunja mwenyewe, jozi kwa jozi, akazichomeka ndani ya viatu. Koti la mvua lilikunjwa likatosha kiganjani. Hilo ndilo lililomchoma Mama: kwamba uangalifu wote huo ulikuwa nao, ila si kwake ulikoupeleka.

"Naona wake wenza wangu wameshavaa," alisema mwaka jana. "Wote kumi na wanne. Mimi wa kumi na tano nimesimama hapa na gauni la mwaka juzi."

"Lako lina kazi nyingi, mama watoto. Nikirudi."

"Hizo hazikuwa na kazi?"

"Hizo hazina mabega."

Sisi wanao tulicheka. Mama hakucheka. Kitambaa chake cha maua ya zambarau kilikuwa kimekaa rafuni mwaka wa tatu huo.

Ulipoingia kuoga, alichukua fimbo moja, ile fupi ya kusukumia mpira shimoni, akaenda nayo chumba cha kushonea. Kwenye kona wateja wanapojipimia nguo aliteremsha ufito wa pazia, akapitisha fimbo kwenye pete, akaitundika badala yake. Mkono wa fimbo ulikaa vizuri kwenye kulabu. Upande wa kichwa haukufika, akauegemeza kwenye msumari uliokuwa chini kidogo. Ufito akausukuma nyuma ya kabati. Alirudi jikoni akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Alichotaka ni kidogo tu, Baba: bila fimbo ile usiende, mwaka mmoja tu ubaki.

"Mama watoto," uliita, "ninazo kumi na tatu."

"Labda mmoja amedai talaka."

Ulitafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hata ndani ya kapu la nguo chafu. Gari lilikuwa limeshafika, Kijiko anapiga honi. Ukaingia chumba cha kushonea na kurudisha mlango. Mama alisimama na kikombe mkononi. Honi ikalia mara nne. Ulipotoka, sindano ilikuwa ukosini, uzi unaning'inia.

"Nimeshatafuta vya kutosha. Nakwenda na hizi."

"Na mpira utausukuma kwa kitu gani?"

"Nitajua hukohuko."

Ukamshika bega, ukaondoka.

Uliporudi hukuuliza. Naye hakusema. Alingoja uulize ili apate pa kuanzia, na siku nane zikapita, ukatutoka. Kwa mwaka mzima alilibeba hilo peke yake: kwamba jambo la mwisho alilokufanyia lilikuwa kukuibia, na kwamba uliondoka duniani ukiitafuta fimbo yako. Wateja waliokuja kuchukua nguo zao waliendelea kujipimia nyuma ya pazia lile na kuning'iniza mikoba kwenye kichwa cha fimbo. Hakuna aliyeuliza. Mama hakuthubutu kuigusa.

Juma lililopita wenzako walikuja. Walikaa sebuleni wamebana magoti, na Kijiko ndiye aliyesukumwa kusema.

"Shemeji, tunaomba tusafiri na mkoba wake. Tupige kila mtu mara moja kwa fimbo yake, halafu tuurudishe."

"Siku tatu kila mwaka mlikuwa naye ninyi," Mama alisema. "Mara ya mwisho mlipata tatu, mkacheka naye. Mimi nilipata nane, na zote nilinuna. Leo mmekuja kuniomba tena?"

Daktari wa meno akatazama dari. Kijiko akakuna kichwa.

"Hatukucheka sana, shemeji. Alicheza vibaya kuliko mimi. Alikuwa anasukuma mpira kwa ile fimbo kubwa ya vazi la buluu. Tukamuuliza, ile fupi iko wapi? Akasema imebaki nyumbani, ina kazi."

Mama akainuka. Kisha akawaambia warudi kesho asubuhi.

Walipoondoka alifunga mkoba kwa mikono yake. Fimbo alizilaza kitandani, safari hii upande wako. Alizipaka mafuta, akazivalisha moja moja, na alipofika kwenye ile ya mahameli aliivuta nguo kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Tulimwona. Soksi zako alizikunja akazichomeka viatuni. Kisha akaenda chumba cha kushonea kuileta ya kumi na nne. Alikuwa ameamua kuirudisha na kuwaambia wenzako ukweli.

Alilishika pazia ili alivue. Na hapo akaona.

Fimbo ile alikuwa ameitundika mshazari, kwa hiyo pazia lilipaswa kuburura sakafuni upande mmoja. Halikuburura. Upande wa kichwa cha fimbo, pindo lilikuwa limepandishwa vidole vitatu, taratibu, kidogo kidogo hadi katikati, likawa sawasawa na sakafu kama lililopigwa rula. Mishono ya mkono, midogo kama punje za mchanga. Na pazia lile ni la kijivu, Baba, lakini uzi ulikuwa wa kijani. Wewe hukuwahi kushona kijivu kwa kijani maishani mwako. Ulishona kwa uzi uliokuwa tayari kwenye sindano, wakati honi inalia.

Uliiona. Ungeweza kuichukua, ukaichomeka mkobani na kuondoka unacheka. Ulichoshindwa kukivumilia ni pindo tu. Ukalinyoosha, fimbo ukamwachia Mama.

Mama alikaa kwenye kigoda cha wateja. Tulimsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama uko upande wa pili wa pazia: "Si ungesema, Fundi." Kisha, akilipapasa pindo: "Na mimi si ningesema."

Asubuhi wenzako walifika. Kijiko akafungua mkoba, akahesabu, akarudia kuhesabu.

"Shemeji, zipo kumi na tatu."

"Ndiyo."

"Na ile fupi?"

"Iko kazini," Mama alisema, akawafungulia mlango.

Kitambaa chake cha zambarau kiko pale pale rafuni. Tulipokikunjua tuliona ulishakikata, na mabega umeyatia alama za chaki. Hataki fundi mwingine akiguse. Anasema lake lina kazi nyingi.

Unakumbukwa na mke wako, aliyeagiza awe wa kwanza kutajwa na aandikwe peke yake katika mstari wake.

Unakumbukwa pia na wanao watatu, wakwe zako, wajukuu zako, dada yako mkubwa, mpwa wako na mumewe, na wateja wote uliowafunga shuka. Wenzako watatu wa gofu wameomba nao waingizwe. Mama amekubali, mradi wawe mwisho.

Kila pazia lile litakapovutwa nyumbani kwako, tutakukumbuka, Baba.