Kasuku Anataka Kudakia

Jumamosi, 3 Mei

Kikao nyumbani kwa ndugu yangu Kasuku. Kaka Mkubwa kakalia kiti chenye mikono kama hakimu. Anataka Kasuku ahame, akaishi kwake, mbali huko—eti apate uangalizi. Shangazi anaitikia kila neno. Kasuku akaandika, akabonyeza, halafu kimya. Ile kompyuta yake kuukuu inayomsemea inatafuta silabi mojamoja, kama mtu anayechambua mchele. Ilipokuja kusema "Sitaki", wenzake walishafika kwenye habari za lori la kubebea vitanda. Hakuna hata aliyegeuka.

Na sauti ile! Ni yake mwenyewe, ya ujanani. Alijirekodi ba-be-bi-bo-bu zote, mpaka ng'wa, alipokuwa anatengeneza programu ya kufundishia watoto kusoma. Tulimcheka: Kasuku kapata kasuku mwenzake! Mwaka juzi madaktari wakamwondolea sauti ili abaki na uhai. Sasa anasemewa na kijana asiyejua kwamba ataugua.

Nilipoaga alinivuta mkono nisome kwenye kioo cha kompyuta. Hakuitaka mashine iseme. "Mdogo wangu, nataka kudakia."

Jumapili, 4 Mei

Nimempelekea simu yangu, ina sauti tayari, ya haraka. Kaisikiliza, kanirudishia kwa ncha za vidole. Hiyo inaongea kama tangazo la lifti, kaandika. Na programu yake haikubali mashine nyingine. Nimejaribu kubisha. Kubishana na mtu anayeandika ni kazi—unapata muda wa kuona aibu.

Ndani ya kompyuta kuna kadi ya kuongeza kasi, aliiweka zamani. Anasema inaweza kubeba chipu yenye mbio zaidi, pamoja na fuwele mpya, kile kikopo cha bati kinachoipigia kadi mdundo. Macho yake hayawezi tena. "Wewe fundi miwani, mkono wako hautetemeki."

Hautetemeki kwa miwani!

Jumatano, 7 Mei

Mvua tangu asubuhi. Dukani hakuna mteja, lenzi zimejipanga mezani, kila moja na kadirisha kake ka mawingu. Nimesahau kufanya kazi. Nimekaa nawaza silabi—ziko wapi zinapokuwa hazisemwi? Zimelala? Kila moja kitandani kwake, zinangoja kuitwa?

Muuza vipuri kapiga simu, chipu imepatikana, kutoka kwenye mashine ya mtu aliyestaafu. Kaniambia niishike kama yai. Nikamwambia mayai nimewahi kuvunja. Hakucheka.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeifanya. Mchana, karibu na dirisha, Kasuku kaketi begani kwangu kabisa—kasuku kweli.

Fuwele ya zamani ilitoka taratibu, risasi iliyoigandisha ikayeyuka kwa joto, ikang'aa, ikaachia. Mpya ikakaa. Kisha nikaitoa chipu ya zamani kwenye soketi yake. Hapo ndipo nilipoelewa ninachokifanya. Kadi ikiungua hakuna nyingine. Ndugu yangu atakuwa bubu kwa mkono wangu. Mara hii hakutakuwa na daktari wa kumlaumu.

Nikakandamiza chipu mpya. Nikawasha. Kioo cheusi. Nikazima, nikawasha. Cheusi! Kasuku hakuandika kitu, ataandikia wapi? Akaniwekea tu kiganja mgongoni. Kizito, cha moto. Nikavaa lenzi yangu ya kazini jichoni, nikaipitia chipu mguu kwa mguu. Mmoja umejikunja nje ya tundu, kama mtoto aliyegoma kuingia darasani. Nikaunyoosha kwa kibano. Nikakandamiza tena, sikupumua.

Ikawaka. Tukabaki tunaangalia ile mistari ya kijani inavyopanda, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea.

Jumapili, 11 Mei

Ina mbio! Kabonyeza tu, neno hilo hapo. Ila sauti—kifaranga! Kifaranga kinachofukuzwa! "Asante mdogo wangu" ilitoka kama mlango unaolia. Kasuku kacheka mpaka mabega yanaruka, bila sauti, machozi tele. Na mimi nikacheka kwa sauti, kwa niaba ya wote wawili.

Baadaye kaeleza: programu inahesabu ili ijue silabi ikae muda gani, na sasa inahesabu mbiombio. Atabadilisha hesabu. Nimemwacha ameinama, uso umekuwa wa buluu kwa mwanga wa kioo, mdomo unatamka a, e, i bila hewa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeota niko ndani ya kadi. Njia za shaba pande zote, jua la asubuhi. Watu walikuwa wanapita wamebeba silabi vichwani, wananisalimia. Mmoja akanipa "ka" nimshikie. Nimeamka ngumi imefungwa.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nimesimama, jikoni kwa Kasuku. Nimekuja kuchemsha chai.

Kaka Mkubwa alianza kama kawaida. Kashapanga chumba, kashapima mlango. "Mtu mwenyewe hana neno," akamwambia Shangazi, "si mnaona amenyamaza, amenya—"

"Ninalo!"

Katikati ya neno lake! Sauti pana, ya kijana, imejaa chumba. Kaka Mkubwa kafunga mdomo. Kafungua. "Unanikatiza?"

"Nakukatiza. Nyumba yangu, mlango wangu, umepimia nini?"

Shangazi kashika kifua. Halafu kasema, polepole, "Hee, nilishaisahau hiyo sauti."

Sasa wanarushiana maneno huko sebuleni. Wote wawili kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenziwe. Kaka Mkubwa anasema habari za dawa, nani atamwona akianguka usiku—na hilo ni kweli, na sauti yake imepasuka aliposema "ukianguka". Kasuku kadakia kabla hajamaliza. Mmoja anazeeka kila sentensi. Mwingine hajazeeka kabisa.

Mvuke umejaa dirisha. Maji yamechemka kitambo. Shangazi anaita, chai iko wapi?

Inakuja, Shangazi. Wacha kwanza.