Waya za Mama Amran

Kipsing, 11 Februari 2024

Mama Amran,

Asalaam aleikum. Nagaa? Mtoto nagaa? Mimi na ng'ombe tuko salama, alhamdulillahi, ila malisho yanakwisha na majirani wameanza kututazama vibaya kisimani. Mtandao hakuna huku, kwa hivyo Molu wa lori atakuletea hii.

Molu huyo huyo ndiye ameniambia mke wangu amefungwa waya kwenye meno, na kwamba alikukuta mlangoni mwa kliniki ukicheka na daktari. Mbele ya watu! Mimi nilikuoa na meno yako yakiwa yamepandana, nikayapenda hivyo hivyo. Sasa unamnyooshea nani? Mimi sipo hata kuyaona. Na huyo daktari Mutembei anaingiza vidole kinywani mwa mke wa mtu, halafu analipwa! Moyo wangu unawaka, Maryan, sitakuficha. Waya zitolewe.

Mumeo,
Baba Amran


Kiwanjani, 20 Februari

Baba Amran,

Waleikum salaam. Sisi nagaa. Amran alikuwa na homa lakini imeshuka, na anauliza kama ndama wake mweupe bado yuko hai.

Sasa tuongee. Unajua vizuri jino la juu linanichoma ufizi wa chini miaka yote hii, nyama natafuna kwa upande mmoja kama mbuzi mgonjwa. Kaka yangu amejitolea kulipia matibabu, nimekubali. Daktari akikaza hizo waya machozi yananitoka. Kama hayo ndiyo mapenzi, nakuachia wewe. Na siku ile nilicheka kwa sababu aliniuliza kama mume wangu ni mkali.

Ila juzi alikasirika. Meno hayasogei, na fizi zinatoa damu. Alinibana kwa maswali mpaka nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Hilo tutaongea ukija, si la kuandika.

Mkeo,
Mama Amran


Kipsing, 2 Machi

Maryan,

Salaam. Hali yangu usiulize.

Jambo gani? Umelala nyumba moja na mimi miaka yote, hukuniambia, ukaenda kumwambia mwanaume wa koti jeupe? Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Jana ng'ombe walipita mbele ya macho yangu wakaenda zao, mimi nimesimama nawaza kliniki; mdogo wangu Wato ndiye aliyewafuata. Naweka tumbaku mdomoni mfululizo nisije nikasema maneno mabaya.

Siri ya mke wangu na mwanaume mwingine mimi naijua jina lake. Niandikie jambo hilo, lote. La sivyo, ukimwona Molu panda lori lake urudi kwa baba yako Kulamawe.

Baba Amran


Kulamawe, 14 Aprili

Baba Amran,

Asalaam aleikum. Uliniambia nirudi kwa baba, nimerudi. Mama anampikia Amran na kunitazama.

Nilikasirika sana, ndiyo maana nilikaa kimya. Lakini kukaa na hasira kumenichosha, kwa hivyo jambo lenyewe ni hili. Ulipoondoka na ng'ombe uliacha tumbaku yako kwenye sanduku. Mara ya kwanza niliinusa tu, kwa sababu inanukia wewe. Baadaye nikaweka kidogo ndani ya mdomo wa chini, vile unavyofanya. Ikawa kila nikikukumbuka naweka, na nilikukumbuka sana, Jattani. Ilipokwisha nikaenda kuinunua sokoni, uso nimeufunika. Daktari nilimwambia kwa sababu yeye ni mtu baki. Wewe ungenicheka, au ungesema mkeo amekosa heshima.

Alinieleza kwamba tumbaku inabana damu isifike vizuri kwenye fizi. Waya inavuta jino, lakini mfupa unashindwa kujijenga upya, kwa hivyo jino linalegea badala ya kunyooka. Moja la mbele sasa linacheza nikiligusa kwa ulimi. Kuzunguka vile vyuma kumeingia weusi ambao mswaki hautoi. Na pale pale ninapoiweka, amekuta baka jeupe, gumu, lisilouma. Amekata kipande kidogo kipelekwe kupimwa saratani, na majibu bado. Waya amezitoa zote. Umefurahi?

Ulikuwa unamtafuta mwanaume aliye kinywani mwangu. Ni wewe.

Maryan


Kipsing, 23 Aprili

Mama Amran,

Asalaam aleikum, wewe na mtoto, na wazazi wako wote wawili. Waambie nawaomba radhi kabla sijafika, ili nipate mahali pa kukaa.

Barua yako niliisomea karibu na lori, Molu akipakia mbuzi. Nilipofika pale pa baka nikasimama mbele ya kioo cha pembeni cha lori, nikatema tumbaku, nikavuta mdomo wangu wa chini. Na mimi ninalo, Maryan. Langu ni kubwa, na katikati lina rangi nyekundu. Nilimwita Molu atazame, akatazama, akarudi kwa mbuzi wake bila kusema neno. Unamjua Molu, huwa hanyamazi.

Wato atabaki na ng'ombe. Nakuja kukuchukua, tukayasikie majibu yako pamoja. Wivu bado ninao, sitakudanganya, na nikimkuta yule mtu anakuchekesha nitanuna. Lakini ukimpigia simu kabla sijafika, mwambie mume wako naye anakuja kutazamwa. Mwambie anaogopa.

Wako,
Jattani