K Isiyosomwa na Shamba la Paluku

Kasese, Uganda

Baba yangu mpendwa, nanyi nyote wa ukoo mliokusanyika hapo Butembo kuisikiliza barua hii,

Nawasalimu kwa heshima. Je, kifua cha Mama kimepata nafuu? Na barabara ya Beni, bado watu hawaipiti ila kwa kuombewa? Mimi ni mzima wa mwili. Chumba tunachogawana wakimbizi kinavuja, na wenyeji, ingawa lugha yao na Kinande chetu ni ndugu, wamechoka kutugawia mihogo. Siwalaumu.

Ujumbe wenu nimeupata kwa mama muuza samaki wa Kyavinyonge. Mwataka idhini yangu: matanga ya kaka yangu Paluku yafanyike bila mwili, mkewe arudi kwao Kayna, na shamba lake la kule Masereka liwe langu, kwa kuwa tangu wanajeshi walipomshusha garini kwenye njia ya Beni hakuna aliyemwona tena. Nilikuwa nimekwisha kuamua kukubali. Sikilizeni kilichonizuia.

Hapa nawafundisha watu wetu Kiingereza kanisani, maana asiyekijua hapati kazi. Juzi niliandika ubaoni neno lao la kisu, "knife", nikaeleza kwamba ile K ya mbele inaandikwa lakini haisomwi.

"Haisomwi?" akauliza fundi cherehani mmoja wa Beni, mtu wa mizaha. "Lakini Mwalimu, hiyo K ni sawa vile chef wa bureau, mukubwa wa ofisi: iko mbele, hapana kufanya kazi!"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikamuunga mkono. Nilisema kwamba Kiswahili chetu huandikwa kama kinavyotamkwa, na kwamba Waingereza wangefanya vema kutuiga. K hiyo, nilisema, zamani ilitamkwa, leo imekufa, ya nini kuibeba?

"Basi tuifute!" fundi akapaza sauti. "Ya nyuma isogee mbele. Sawa vile we Kambale: bakifuta Paluku, we ndiye mukubwa!"

Hakujua; alitaja Paluku kwa kuwa kwetu ndilo jina la kila mvulana wa kwanza, kama Kambale lilivyo la wa pili. Habari za nyumbani sikuwa nimemwambia mtu. Walicheka wote, nami nikakiweka chini kitambaa cha ubao nilichokuwa nimekishika ili kuifuta.

"Mwalimu, iko nini?" akauliza fundi.

"Tuiache," nikajibu. "Muiandike vile iko."

Wazee wangu, bado naamini mwanafunzi angejifunza upesi kama maneno ya Kiingereza yangeandikwa kama yanavyosikika. Lakini mtu si neno. Mliniita Kambale, mvulana wa pili, kwa sababu wa kwanza alikuwapo. Kila aniitaye anamtaja na yeye, hata asipomtamka. Nikichukua shamba lake, nitaitikia jina gani?

Siandiki haya kwa tumaini. Naamini wamemuua. Fanyeni matanga, mlieni, nami nitamlilia huku peke yangu. Ila shamba alilime mkewe, mavuno yawe yake, na mtu yeyote asiniite mkubwa.

Mnisalimie Mama, shangazi anayetuombea kila asubuhi, na mjomba mchoma matofali, ambaye najua hatapendezwa na maneno yangu. Shemeji yangu, mke wa Paluku, mwambieni asifungashe vyombo vyake.

Mungu awafunike dhidi ya risasi na njaa.

Ni mimi, mwana wenu wa pili,
Kambale