Lengelenge la Siku ya Nane

Alhamisi, 2 Juni 1910. Morogoro

Nimechanjwa. Daktari wa bomani amenikwaruza mara tatu, mkono wa kushoto. Dawa ya ndui iliyokuja na gari moshi imeharibika kwa joto. Kati ya waliochanjwa nayo, mpishi wa misheni peke yake ndiye aliyeota lengelenge. Maji ya lengelenge lake yameingia mkononi mwangu. Siku ya nane langu litaiva, nami nitawachanja wengine. Nimefundishwa. Mimi, mwalimu wa misheni, sasa ni chupa ya dawa!

Jumapili, 5 Juni

Baada ya misa, habari mbaya. Akida Hatibu, mkuu wa serikali wa eneo letu, ametangaza kwamba watu wa Kinole, kijiji cha mlimani, wamefunga njia na wamekataa chanjo. Ijumaa atapanda huko na askari kuchoma nyumba zote.

Kinole! Nyumba ya Bibi. Alikozaliwa mama, nitakayoirithi mimi.

Watu wa Kinole wanasema kovu la chanjo ni alama ya serikali: aliye nalo atapelekwa kwenye mashamba ya mkonge. Siwalaumu. Mwaka jana waliitwa kuhesabiwa tu, na wanaume tisa hawajarudi hadi leo.

Nimemwomba Sista Bernadeta, mkuu wetu misheni, ruhusa ya kwenda Kinole. Amekataa. Nimesema ndiyo, Sista. Moyoni nimesema hapana.

Jumanne, 7 Juni

Malengelenge yameota! Matatu, ya mviringo, yanang'aa kama lulu. Nalala chali nisiyapasue. Kesho alfajiri naondoka.

Alhamisi, 9 Juni. Kinole

Nimefika! Siku mbili za kupanda, mkono nimeufunga kitambaa kama kichanga.

Njia imezibwa kwa matawi na majivu, na Pazi amesimama hapo na mkuki. Pazi! Ukoo wake ni watani wa ukoo wetu. Mimi sijawahi kumtania mtu. Maneno mazuri hunijia siku ya pili yake.

Akaanza yeye: Mtani, umekuja kutuzika kabla hatujafa?

Nikajibu — sijui yalitoka wapi — nimekuja kuikwepa hiyo kazi. Ukifa, kaburi lako nitachimba mimi, na kwa tumbo hilo nitachimba wiki nzima!

Alicheka hadi akaegemea mti. Nikamnyang'anya mkuki nikapita. Mtani akichukua kitu chako, hukasiriki. Ikambidi anifuate kijijini, huku akinitukana kwa furaha.

Shikamoo, Bibi. Marahaba. Uso wake una makovu ya ndui ya zamani, yeye ndui haimdhuru tena. Lakini wote wanamngoja yeye aseme. Nikamwambia nimeleta chanjo. Akauliza: Hiyo ni dawa ya Mjerumani?

Nikafungua kitambaa. Nikasema, imetoka mwilini mwangu, Bibi.

Akaushika mkono wangu, akayatazama malengelenge kwa karibu. Kisha akawageukia wanawake: Mwili huu ni wa nyumba yetu. Leteni mikono.

Nimechanja watu arobaini na tatu! Pazi wa mwisho. Amefumba macho, amepiga kelele kabla sijamgusa. Nimemrudishia mkuki wake.

Malengelenge mawili yameisha maji. La tatu bado.

Ijumaa, 10 Juni

Wamekuja. Askari sita, na Akida Hatibu na mwenge unaowaka mchana kweupe.

Bibi amewapanga watu wote, mikono wazi. Askari wamepita wakikagua mikwaruzo. Mkubwa wao akasema hapa hakuna kazi, wamechanjwa. Akida akasema amri ni amri, lazima hata nyumba moja ichomwe, kwa mfano.

Bibi akamwambia taratibu: Mwanangu Akida, sisi tumeonyesha. Na wewe onyesha.

Akida akavuta mkono wa kanzu chini. Chini, si juu! Askari mmoja akakohoa. Kumbe hana kovu! Miezi yote hii anachoma vijiji vya watu waliokataa chanjo, naye hajachanjwa!

Akanisogelea, sauti ndogo: Binti, imebaki?

Nikasema, imebaki ya mtu mmoja. Zima mwenge kwanza.

Nimemwambia MIMI.

Nimeingia ndani kuchemsha sindano. Naandika huku maji yakianza kuunguruma. Namwona mlangoni: mkono wa kulia bado umeshika mwenge, wa kushoto ameshakunja kanzu hadi begani —