Moshi Mweupe wa Kinu cha Mafuta

Kariakoo, Dar es Salaam
4 Juni 1936

Dada Siwema,

Mdogo wako sasa ndiye jicho la Serikali. Shikamoo, furaha imeitangulia salamu. Hamjambo huko Bagamoyo? Mimi nyota yangu imewaka: Bwana Afya amenikabidhi darubini ya kupimia moshi. Ndani ina kioo kilichotiwa kiza nusu. Unaielekeza kwenye dohani, unalinganisha. Sifuri ni safi, tano ni mweusi kama masizi ya chungu. Matajiri wa vinu wakiniona wanaanza kukohoa wenyewe.

Mumeo nilimwona, anachochea boila ya kinu cha mafuta ya nazi, jasho na vifuu. Mzima.

Mdogo wako,
Safari

Bagamoyo
15 Juni 1936

Mdogo wangu Safari,

Marahaba. Sisi wazima, ila mtoto wetu Mgeni ana kikohozi.

Shemeji yako Rajabu ameniletea neno kwa mdomo wa mchuuzi wa samli. Anasema boila inapumua vibaya, maji yanapungua ndani hali hayajafunguliwa, na tajiri anamwambia achochee tu. Nimemtaka arudi. Anaona haya, asije kuambiwa kakimbia moto kama kuku.

Wewe una chombo. Kaipime. Ukisema mbaya, nakuja kumchukua mwenyewe. Ukisema nzuri, nanyamaza.

Dada yako,
Siwema

Kariakoo
22 Juni 1936

Dada yangu,

Shikamoo. Mpe Mgeni asali na ndimu. Barua yako imenichekesha, nisamehe. Jana nilisimama ng'ambo ya barabara, jua mgongoni kama inavyotakiwa. Dohani za jirani zinatoa tatu, nyingine nne. Ya shemeji? Moshi mweupe kama kanzu ya Idi. Sifuri, dada.

Mwenyewe alitoka akaniuliza mbona moshi umekuwa mweupe, hali vifuu ni vile vile na juzi ulikuwa mweusi. Nikamwambia huo ndio uhodari wa mchocheaji. Alitabasamu kidogo, akarudi ndani. Moshi wake una unyevunyevu, ulinilowesha ndevu. Lala usingizi.

Mdogo wako,
Safari

Bagamoyo
6 Agosti 1936

Mdogo wangu,

U hali gani? Hukuandika, wala hukuja. Arobaini ya Rajabu tumeisoma juzi. Waliomleta walinieleza kwamba boila ilipasuka siku tatu baada ya barua yako, naye yuko mbele ya tanuri, koleo mkononi. Sikufunua sanda. Walinikataza.

Hapa watu wana maneno. Wengine wanakutaja wewe. Mimi nawajibu, Safari alipima. Kama kioo cha Serikali hakikuona, angeona nani? Usijitese. Mgeni anamwulizia mjomba wake. Njoo ule nasi.

Dada yako anayekupenda,
Siwema

Kariakoo
12 Agosti 1936

Dada,

Sikuamkii, maana sistahili kuitikiwa. Ningekuwa na mzaha ningeuweka hapa.

Fundi Melkiori, aliyekagua mabaki ya boila, amenieleza. Mrija ulikuwa umetoboka ndani, maji yanavujia motoni, mvuke unapanda na moshi na kuupausha. Ule weupe ndio uliokuwa hatari. Nikamwuliza kama mpimaji angeweza kujua. Akasema aliyefundishwa angejua mara moja: mvuke hupotea juu kidogo ya dohani, moshi huendelea kwenda. Na ule wa shemeji ulipotea juu kidogo tu, dada. Niliuona ukipotea, nikasema kumbe safi kabisa.

Kuna jambo sikukuandikia. Siku ile Rajabu alitazama mikono yangu mitupu, akauliza chombo kiko wapi. Nikamwambia nimekirudisha ofisini, namba nimeshaichukua. Akaniuliza, "Basi nikae, shemeji?"

Nikamwambia, "Kaa."

Watu wa Bagamoyo waache waseme. Sikupima. Darubini sikukabidhiwa hata siku moja. Kazi yangu ni kumshikia Bwana Afya mwavuli anapopima yeye, na kwenye kinu kile hatujawahi kwenda kupima.

Mdogo wako,
Safari